Mshono wa Shingoni

Kwa miaka miwili, Jumapili nyumbani kwetu ilianza kwa kilio. Binti yangu ni fundi wa nguo, ana cherehani yake sokoni hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na alikuwa amemshonea mwanawe gauni la kwenda ibadani: jeupe, linalopita magoti kidogo, lenye lesi shingoni na kwenye mikono. Sijaona mtoto mwingine hapa kambini aliyeshonewa vizuri vile. Lakini kila tulipolitoa lile gauni, mtoto alikimbilia chini ya meza. Mama yake alimvuta, mimi nikashika miguu, tukamvika kwa nguvu, naye akalia mpaka sauti ikamkauka. Tukifika kanisani, shingo yake ilikuwa imejaa alama za kucha zake mwenyewe.

"Baba, mi nimechoka," binti yangu aliniambia siku moja huku akifunga vifungo. "Kila Siku ya Mungu tunakamata huyu mutoto sawa vile bantu banakamata kuku."

"Vumilia, mama," nilimjibu. "Shetani hapendi aende kanisani."

Nayaandika maneno yale kama nilivyoyasema.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka sita. Hakusema neno lolote, ila alikuwa na wimbo wake wa kuguna ambao aliuimba akiwa na furaha. Alikula uji tu, tena kwenye kikombe kimoja cha rangi ya chungwa. Ukimletea kingine alikisukuma. Ukimgusa taratibu begani alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, lakini alipenda kujibana katikati ya ukuta na gunia la mahindi, akakaa hapo akitabasamu peke yake. Baba yake alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, na simu zake zilipungua mpaka zikaisha.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilisoma shule ya dini kule Uvira, Kongo, kabla ya vita kutuondoa, na hapa nimehudumu tangu kanisa letu lilipokuwa turubai juu ya miti. Kwa hiyo nilifanya ninachokijua. Nilifunga siku tatu, kisha saba. Wachungaji walikuja kumwekea mikono, na kila mkono uliomgusa kichwani ulimzidishia kelele, nasi tukadhani hiyo ni dalili kwamba maombi yanafanya kazi. Siwacheki ndugu zangu. Walitembea juani wakiwa na njaa kuja kumwombea mtoto wa mwenzao, na naamini Mungu aliwasikia. Ila jibu lilitokea upande ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiuangalia.

Lilianzia kwa mama mmoja Mkongo mwenzetu anayejitolea kwenye kituo cha afya. Alimtazama mtoto akiwa amejibana nyuma ya mlango, akaniambia, "Papa, huyu hana pepo. Kule Lilongwe kuko munganga moja, anafundishaka batoto ba namna hii. Hapana dawa, hapana sindano. Anafundisha mikono na ngozi."

"Ngozi inafundishwa?"

"Uende uone, papa. Lakini ni ya kulipa."

Tulianza na hospitali ya serikali, ambako huduma hiyo ni bure. Walitupokea vizuri, wakatuandikia tarehe, lakini tarehe ilikuwa mbali sana kwa sababu wenye kazi hiyo ni wachache na watoto ni wengi. Basi tuliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, tukaipata baada ya kurudi ofisini mara tatu, na Jumatano moja asubuhi tukapanda basi dogo, mtoto akiwa amefunikwa kichwa na kitenge cha mama yake kwa sababu ya kelele.

Yule mtaalamu alikuwa amepanga chumba katika mtaa wa Area 23, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Ndani mlikuwa na godoro sakafuni, bembea iliyofungwa kwenye boriti, beseni la maharage makavu, na vijiko vya kila namna. Nilitazama nikajiuliza kama tumetumia nauli yote ile kuja kucheza. Yeye mwenyewe alikuwa mama wa makamo, Mmalawi. Alikunja magoti kunisalimu kama wanavyowasalimu wazee huku, akaniita agogo, yaani babu. Kisha hakumgusa mtoto. Alikaa sakafuni, akampa mgongo, akaanza kuchezea maharage kwenye beseni bila kusema lolote. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu hata nikaanza kuwaza juu ya pesa. Ndipo mjukuu wangu alipotoka nyuma ya mama yake, akaenda mpaka kwenye beseni, akazamisha mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, akatulia. Sikuwahi kumwona ametulia vile mbele ya mgeni.

"Nyumbani kinachowasumbua zaidi ni nini?" mtaalamu aliuliza. Binti yangu, aliyejifunza Kichewa sokoni, ndiye aliyekuwa akitafsiri.

"Nguo," akajibu, akatoa lile gauni jeupe kwenye mfuko. Tulikuwa tumelibeba ili tumvike pale mlangoni, maana mtu haendi kwa daktari na nguo za nyumbani. Tulipojaribu, mtoto alipiga kelele mpaka jirani wa mlango wa pili akatoka kutazama ni nani anayechinjwa, nasi tukaona haya, tukalirudisha mfukoni.

Mtaalamu aliligeuza gauni ndani nje, akaninyooshea upande wa shingo wa lile gauni. "Agogo, weka kidole hapa. Zungusha."

Nilizungusha kidole changu. Nilisikia mshono wa kawaida, na lesi iliyoshikizwa vizuri.

"Sisikii kitu," nikasema.

"Wewe husikii. Yeye anasikia. Kwake hii ni miba iliyozungushwa shingoni kutwa nzima, na ngozi yake haiwezi kuisahau kama yako inavyosahau saa uliyovaa."

Maneno hayo binti yangu alinitafsiria nusu; nusu nyingine alinimalizia baadaye. Alilichukua gauni, akaitazama ile lesi aliyoishona usiku na mchana kwa uzi wa bei.

"Baba," akasema, "ni mi njo nilimuvalisha miba."

Nami ndiye niliyeshika miguu.

Siku hiyo tulipewa jina la hali yake, ambalo kwa Kiswahili ni usonji. Tuliambiwa si pepo, wala si kosa la mama, wala si ugonjwa ambao mtu anaamka asubuhi ameuacha kitandani. Ndivyo alivyo. Kazi ya mtaalamu, ambayo huitwa tiba kwa vitendo, ni kumsaidia mtoto aweze mambo ya kila siku: kuvaa, kuoga, kula, kushika kitu, kukaa na watu. Alisema aje kila Jumatano kwa miezi kadhaa, na sisi tufanye mengine nyumbani.

Kikao kimoja, pamoja na nauli zetu, kilikuwa sawa na bei ya magauni mawili, na magauni mawili ni kazi ya juma zima kama wateja wapo. Nilimweleza mtaalamu kwamba sisi ni wakimbizi. Alisema atachukua nusu, kwa sababu chumba chenyewe anakilipia. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila asubuhi. Lakini hata nusu hatukuwa nayo, na hapo ndipo nilipoiendea jamaa yangu ya kanisa.

Kanisani kwetu mwenye shida husimamiwa na mzee mmoja, kapu linapitishwa benchi kwa benchi, kila mtu anatoa alichonacho. Kuna sharti moja. Aliyesaidiwa lazima aje mbele kutoa ushuhuda, na aje na kile alichosaidiwa kwacho: mwanafunzi aje na sare, mgonjwa aje kwa miguu yake. Asiyeshuhudia hapitishiwi kapu mara ya pili. Sharti hilo nililileta mimi. Kuna ndugu mmoja tuliyemchangia jeneza la kaka yake, na kabla ya majuma mawili kuisha mwenzetu alimkuta marehemu sokoni Mitundu akiuza viazi, tena akampunguzia bei. Tangu siku hiyo nikasema, tuone kwa macho. Watu walinipigia makofi.

Kapu la kwanza lilitupatia Jumatano nne. Katika hizo nne nilijifunza mambo ambayo shule haikunifundisha. Nilijifunza kwamba kumpapasa kidogo kunamuumiza na kumkumbatia kwa nguvu kunampumzisha. Kabla ya kuoga alibeba mfuko wa mahindi akazunguka nao nyumba mara tatu, na baada ya hapo alikubali maji, mradi usimnyunyizie bali ummwagie yote kwa pamoja. Na nguo akavaa bila kilio, kwa njia rahisi kabisa ambayo mtaalamu alituonyesha: zivaliwe ndani nje, mishono ikae upande wa dunia.

Hilo la nguo halikumfurahisha kila mtu. Mkabala na meza ya binti yangu sokoni kuna fundi mwingine, mama kutoka Bukavu, mwimbaji wa korali, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Siku moja nilikuwa nimekaa pale, mtoto akiwa miguuni pangu na gauni lake la kitenge limegeuzwa, nyuzi zote nje.

"Jirani!" yule mama akaita. "Leo mulivaa kwenye giza?"

"Hapana, tuliona vizuri," binti yangu akajibu bila kuinua macho.

"Basi wateja baseme nini? Fundi mwenyewe hajue nguo iko na mbele na nyuma! Mi ningekuwa wewe, huyo mutoto ningemuficha mpaka soko ifungwe."

"Wewe ungekuwa mi, ungenyamaza. Ungekosa muda ya kusema."

Watu walicheka, na yule mama naye akacheka, lakini nilimwona binti yangu akimvuta mwanawe nyuma ya meza. Mwezi ule wateja wake wawili walihamia upande wa pili.

Fungu la kapu lilipoisha, mtaalamu alituambia kuna mtoto mwingine anayesubiri saa yetu. Angetushikia nafasi kwa Jumatano mbili tu, basi. Nikamwendea mchungaji, ambaye ni kijana kwangu na ananiita baba.

"Baba mzee, kapu tutapitisha," akasema. "Lakini sharti unalijua kuliko mimi. Umulete mutoto mbele kwanza."

Binti yangu alikataa. Alisema ngoma zitamtesa, watu watamshika, amezoea kukaa mlangoni na sisi, si mbele. Nilimwambia siwezi kuwa mtu wa kwanza kuvunja sharti nililoliweka mwenyewe. Wangesema mzee amejipendelea. Nilisema pia kwamba Mungu aliyetufikisha hapa atamtuliza kwa dakika kumi. Nilijua kwamba nilipaswa kumuuliza mtaalamu kwanza, nami sikumuuliza, kwa sababu nilijua atanijibu nini.

Jumapili ile nilimbeba mwenyewe. Nilimvika lile gauni jeupe, limegeuzwa, nikaona ni ushuhuda mzuri kwamba sasa analivaa bila kulia. Tulipofika mbele, kanisa lilifurahi kweli. Ngoma zikapigwa, akina mama wakapiga vigelegele, spika ile ya upande wa kushoto ikapiga mluzi wake, na watu kumi au zaidi wakaja kumshika kichwa kwa upendo. Mtoto alijikunja mikononi mwangu. Akaniuma mkono, akaanguka sakafuni, akalivua gauni mbele ya watu wote akilichana mabega. Mtu mmoja alipaza sauti, "Toka, pepo!" na wengine wakaitikia. Binti yangu alipita katikati yao kwa viwiko, akamfunika mwanawe na kitenge, akamlalia kwa uzito wake wote kama tulivyofundishwa, na pale chini ya mimbari wakakaa wawili mpaka kilio kikapungua. Kapu halikupita. Nani angelipitisha?

Siku zilizofuata mtoto alirudi chini ya meza. Hakutaka nguo yoyote, ndani wala nje. Maji hakuyataka. Hata kikombe cha chungwa alikisukuma kwa siku mbili, na nilidhani tumempoteza. Jumatano ya kwanza kati ya zile mbili ikapita tukiwa nyumbani. Mtaani walisema pesa ya kanisa imemwagwa mchangani. Binti yangu alinipikia, aliniandalia maji, lakini hakunisemesha. Siku ya tano ndipo alipolitupa gauni jeupe mapajani mwangu.

"Baba, ulitaka kitu ya kuonyesha mbele. Si uonyeshe hii? Ni hii njo ilikuwa na pepo, hapana mutoto."

Alisema kwa hasira, akaenda zake sokoni. Mimi nilibaki na lile gauni. Niliomba sana siku ile, na sikuomba mtoto aponywe. Niliomba nisione haya.

Jumapili iliyofuata nilikwenda peke yangu. Nilimwomba mchungaji nafasi ya ushuhuda, na nikawaomba wapiga ngoma, watoto wangu wote wale niliowafundisha katekisimu, wasubiri. Niliwaambia watu kwamba sharti la kuleta mtu mbele nililileta mimi kwa sababu ya viazi vya Mitundu, na kwa sharti hilo nimemuumiza mjukuu wangu kuwaridhisha wao na kujiridhisha mimi. Nikawaomba msamaha. Baadhi walicheka kwa sababu ya viazi, nami sikuwakataza.

Kisha nikasema, "Nimeleta kitu kimoja. Kila mmoja aweke kidole shingoni mwa gauni hili, ndani, lesi inapoanzia. Akizungushe. Halafu ampe jirani."

Nikalikabidhi gauni benchi la kwanza, na likaanza kupita kama kapu linavyopita. Hakuna aliyeimba. Niliona mzee mmoja akizungusha kidole chake kinene, akatikisa kichwa.

"Mi sisikie kitu," akasema kwa sauti.

"Hata mimi sikusikia," nikamjibu. "Miaka miwili sikusikia. Yeye alikuwa anasikia peke yake, na hana mdomo wa kutuambia, na sisi tulimshika miguu. Kule Lilongwe kuna mtu aliyetuonyesha hilo. Tumebakiwa na Jumatano moja kabla nafasi yake haijapewa mwingine. Ushuhuda wangu ndio huo, hauna mwingine."

Gauni likaendelea. Nilisimama nikilifuata kwa macho mpaka lilipofika kwa wanakorali, kwa yule mama wa Bukavu. Hapo likasimama. Nilidhani analikagua kama fundi anavyokagua kazi ya mshindani wake. Aliliweka magotini, akazungusha kidole, akazungusha tena. Kisha akaingiza mkono kwenye kilemba chake, akatoa sindano.

"Mama, benchi ya nyuma inangojea," mwenzake akamwambia kwa kumnong'oneza, lakini kanisa lilikuwa kimya, wote tulisikia.

"Ingojee," akajibu. "Hii kitu inafumuliwa polepole."

Akafumua. Mchungaji alinitazama, nami nikamwashiria aache. Kapu lilianza kupita likitokea mbele wakati yule mama bado ameinamia nyuzi, na lilipomfikia alikuwa amemaliza shingo na anaanza mkono wa kushoto. Aliikunja ile lesi vizuri, akaiweka ndani ya kapu juu ya pesa, maana lesi nzuri haitupwi.

Nilipofika nyumbani nilimpa binti yangu gauni. Alipitisha kidole gumba shingoni, pole pole, akitafuta mahali palipobaki uzi.

"Nani alifumua hii?"

Nikamwambia.

"Yule?" Akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama kwa muda mrefu. "Amefanya muzuri," akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa juma zima ambalo halikuwa la hasira. Kisha akaunga mabega yaliyochanika, akachukua wembe wake, akakata kibandiko kidogo cha alama ya fundi kilichoshonwa kiunoni kwa ndani, ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekifikiria.

Kapu lilitosha Jumatano tatu. Zaidi ya hizo hatukujua, na hata leo huwa hatujui zaidi ya mbili au tatu mbele yetu. Wakati mwingine tunaruka moja, na mtaalamu amekubali tuje kwa kuruka. Lile sharti tulilibadilisha. Sasa aliyesaidiwa huja mbele akitaka, na asiyeweza kuja hutembelewa nyumbani na watu wawili, wanaobisha hodi na kusubiri.

Jumatano ile, ya mwisho kati ya zile mbili, tulijiandaa asubuhi kwenda kituo cha basi. Tulikuwa tumeliweka gauni kitandani tu, karibu na gunia la mahindi, bila kumshika mtu. Mtoto alilizunguka mara kadhaa akiguna wimbo wake. Alilishika shingoni, akalibana kwa vidole, akaliacha, akarudi. Mwishowe akaingiza kichwa. Mkono mmoja ulipotea ndani, na mama yake alinyanyuka kumsaidia, nami nikamshika kitenge akae. Tulisubiri. Basi la kwanza likatuacha. Mkono ukatokea.

Tulipanda la pili.